Duma hawafiki 8,000, tembo wanapita 400,000, na bado tembo yuko pabaya zaidi: ngazi za hatari za wanyamapori zinavyopangwa

Ukishinda siku nzima Serengeti unaweza kuona simba, chui, duma na kiboko kabla jua halijatua. Wanyama hao wanne wamepewa alama moja ya hatari kwenye Orodha Nyekundu ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN. Kwa Kiingereza alama hiyo ni neno moja, vulnerable. Faru mweusi ana alama mbaya zaidi, na tembo naye ana yake. Lakini habari zikishafika redioni na kwenye simu zetu, alama zote hizo huyeyuka na kuwa sentensi moja: "mnyama huyu yuko hatarini kutoweka."

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Aliyeona makundi ya simba kwa macho yake husikia kwamba simba yuko hatarini kutoweka, akatikisa kichwa. Mwingine husoma kwamba duma waliobaki duniani hawafiki 8,000, kisha akasoma kwamba tembo zaidi ya 400,000 wamo kwenye ngazi mbaya kuliko ya duma, akahitimisha kwamba wataalamu wanabahatisha, au wanasaka fedha za wafadhili. Hawabahatishi. Kila alama ina namba nyuma yake, namba hizo ziko wazi kwa yeyote, na anayezielewa hababaishwi tena na kichwa cha habari, kiwe cha kutisha au cha kubembeleza.

Ngazi zenyewe ni tisa. Mbili hazisemi lolote juu ya hatari: spishi ambayo haijatathminiwa, na ile iliyotathminiwa lakini taarifa zake hazitoshi. Chini kabisa yupo asiye na tatizo kubwa kwa sasa, kisha anayekaribia hatari. Zinafuata ngazi tatu ambazo ndizo zinazohesabiwa kuwa hatari rasmi, nazo ndizo kiini cha makala haya. Ya kwanza ni vulnerable, ambayo hapa nitaiita hatarini. Ya pili nitaiita hatarini sana. Ya tatu ni mahututi. Juu yake kuna aliyetoweka porini akabaki kwenye bustani za wanyama tu, na mwisho kabisa aliyetoweka duniani.

Katika Kiingereza cha kila siku neno vulnerable ni pana mno. Asili yake ni Kilatini, jeraha, na humhusu yeyote au chochote kinachoweza kudhurika kirahisi: mzee anayeishi peke yake, kompyuta isiyo na ulinzi, kijiji kilicho bondeni. Orodha Nyekundu ilipoanzishwa mwaka 1964 ilirithi ulegevu huo. Mtaalamu aliyemjua mnyama alipima kwa uzoefu wake na kumweka alipoona panamfaa, na mtaalamu mwingine angeweza kumweka pengine. Mwaka 1994 ulegevu huo ulikomeshwa kwa kuweka vipimo vya namba, na toleo la vipimo linalotumika leo lilichapishwa mwaka 2001. Tangu hapo mnyama hawekwi hatarini kwa sababu anatia huruma. Anawekwa kwa sababu amevuka mstari uliochorwa.

Mistari hiyo ni mitano, inaitwa kwa herufi A hadi E, na kuvuka mmoja tu kunatosha. Asiyelijua hili ataona orodha nzima haina mantiki, kwa hiyo tulishike vizuri. Chukulia maji ya nyumbani kwenye simtanki. Unaweza kuishiwa maji kwa sababu simtanki ni kubwa lakini linavuja vibaya. Unaweza kuishiwa kwa sababu maji yaliyobaki ni ndoo mbili, hata kama hakuna tone linalovuja. Au maji ni mengi na hayavuji, ila nyumba nzima inategemea simtanki moja tu, na siku likipasuka yote yamekwenda. Mstari wa A hupima kuvuja. C na D hupima kiasi kilichobaki. B, pamoja na kipande cha D, hupima kama kila kitu kiko mahali pamoja. E ni hesabu ya kitakwimu ya uwezekano wa kutoweka: mnyama akionekana kuwa na uwezekano wa angalau asilimia 10 wa kutoweka ndani ya miaka 100, yuko hatarini. Huu wa mwisho hautumiki sana, kwa sababu unahitaji takwimu ambazo spishi nyingi hazina.

Mstari wa A unastahili muda wetu zaidi, maana ndio unaoleta ubishi mwingi. Spishi iliyopungua kwa asilimia 30 au zaidi inaingia hatarini. Ikipungua asilimia 50 inaingia hatarini sana, na ikifika asilimia 80 ni mahututi. Kama chanzo cha kupungua kinajulikana, kimekwisha na kinaweza kurekebishwa, masharti hulegezwa, na spishi huingia hatarini ikiwa imepungua kwa asilimia 50.

Lakini imepungua tangu lini? Kipimo ni miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea ni kipi kirefu zaidi. Kizazi hapa ni wastani wa umri wa wazazi wa watoto wanaozaliwa sasa. Panya ana kizazi kifupi, kwa hiyo hupimwa kwa miaka 10. Kizazi cha simba ni miaka 7 hivi, hivyo hupimwa kwa miaka 21. Tembo huzaa taratibu na huishi sana, kwa hiyo kipimo chake kinarudi nyuma miongo kadhaa.

Sasa turudi kwa simba. Tathmini ya mwaka 2016 ilikadiria kwamba simba duniani walipungua kwa asilimia 43 kati ya 1993 na 2014. Asilimia 43 imevuka 30 lakini haijafika 50, kwa hiyo simba yuko hatarini na wala si hatarini sana. Hakuna aliyesema simba wamebaki wachache Serengeti. Tanzania ndiyo inayotajwa kuwa na simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na hilo halipingani hata kidogo na alama yake. Simba wamepotea huko wasikopigwa picha na watalii: kwenye maeneo ya wafugaji ambako mzoga hutiwa sumu baada ya ng'ombe kuliwa, kwenye mapori ambako mitego ya waya iliyowekewa swala humnasa simba, na kwenye mapori ya zamani ambayo leo ni mashamba. Tathmini hiyohiyo ilionyesha kwamba Botswana, Namibia, Afrika Kusini, Zimbabwe na India simba waliongezeka, na sehemu nyingine za Afrika walipungua kwa takriban asilimia 60. Asilimia 43 ni jumla ya pande hizo mbili.

Tembo naye. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yalihesabu tembo wa Afrika wapatao 415,000. Simtanki kubwa, ndiyo, lakini tazama uvujaji. Tanzania peke yake ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 mwaka 2009, na sensa ya 2014 ikakuta 43,000 na ushei. IUCN ilipotoa tathmini mpya mwaka 2021, tembo wa savana alionekana kupungua kwa angalau asilimia 60 ndani ya miaka 50. Amevuka 50, yuko hatarini sana. Tembo wa msituni, yule wa misitu ya Kongo, alipungua kwa zaidi ya asilimia 86 ndani ya miaka 31. Huyo ni mahututi.

Duma anapita kwenye mstari wa idadi pia. Makadirio ya mwaka 2016 yaliwaweka duma wote porini kuwa wapatao 7,100. Mstari wa C unasema: wakomavu wakiwa chini ya 10,000 na bado wanaendelea kupungua, spishi iko hatarini. Ili aingie hatarini sana kwa mstari huohuo wakomavu wawe chini ya 2,500, na duma hajafika huko. Kwa hiyo duma wachache wanaweza kukaa ngazi nafuu kuliko tembo wengi bila hesabu kukosea popote. Na kama spishi haipungui lakini wakomavu wake hawafiki 1,000, mstari wa D unaiweka hatarini kwa uchache wake tu.

Neno "wakomavu" lisipite hivihivi. Orodha haihesabu watoto, wala wale ambao hawatazaa kamwe. Twiga walikadiriwa kuwa 97,562 mwaka 2015, lakini wenye uwezo wa kuzaa walikuwa takriban 68,000. Ukiona vyombo viwili vya habari vikitoa idadi mbili tofauti za mnyama yuleyule katika mwaka uleule, mara nyingi hakuna aliyedanganya. Mmoja amehesabu wote, mwingine wakomavu.

Faru mweusi huwachanganya watu kwa namna nyingine. Walikuwa 65,000 hivi mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1990 walikuwa chini ya 2,500. Leo wamepita 6,000, na wanaongezeka. Mbona bado ni mahututi? Kwa sababu vizazi vitatu vya faru vinarudi nyuma zaidi ya miaka 40, na ndani ya kipindi hicho kuna lile anguko kubwa la ujangili wa pembe. Alama yake haisemi kwamba wanapungua sasa. Inasema walipoteza kiasi gani ndani ya vizazi vyao vitatu, na kwamba walinzi wakiondoka leo chanzo cha anguko kitarudi kesho, maana soko la pembe bado lipo.

Kiboko aliingia kwenye ngazi ya hatarini mwaka 2006 hasa kwa sababu ya nchi moja. Mwaka 1994 Kongo ya Kinshasa ilikuwa na viboko wapatao 30,000, ya pili Afrika baada ya Zambia. Vita vilipotapakaa, watu wenye silaha waliwawinda kwa ajili ya nyama na meno, na ndani ya takriban muongo mmoja wakapungua kwa asilimia 95. Mtu wa Katavi au Mzima Springs asingeona tofauti yoyote mtoni kwake, ila jumla ya dunia ilikuwa imeshatikisika.

Mstari wa B unapima eneo. Spishi ambayo mipaka yake yote kwa pamoja haizidi kilomita za mraba 20,000, au eneo inalokaa hasa halizidi 2,000, inaweza kuwekwa hatarini, ila ikitimiza angalau mawili kati ya masharti matatu ya ziada: eneo limekatwakatwa vipande, makazi yanaendelea kupungua, idadi inapanda na kushuka vibaya. Udogo wa eneo peke yake hautoshi hapa. Mstari wa D una kipande kikali zaidi: spishi iliyo sehemu tano au chini ya hapo, huku kukiwa na tishio la kweli linaloweza kuipiga ghafla, iko hatarini hata kama idadi yake ni nzuri.

Mfano mzuri ni njule wa Udzungwa, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, aliyetambulishwa rasmi kwa sayansi mwaka 2008. Wapo kwa maelfu, lakini wote wako kwenye misitu ya Ndundulu na Luhomero tu. Moto mmoja mkubwa katika kiangazi kibaya unaweza kubadili kila kitu, na ndiyo maana yuko hatarini.

Anayedhani hofu hiyo imetiwa chumvi na amtazame chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, kusini mwa Tanzania, akiishi kwenye hekta mbili hivi zilizoloweshwa na mvuke wa maporomoko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya bwawa la umeme kuanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji yalielekezwa kwingine na mvuke ukakatika. Vinyunyizio vya kutengenezwa viliwekwa. Chura walianza kurudi, kisha wakaporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura ukakutwa hapo. Mwaka 2009 alitangazwa ametoweka porini. Kilichomwokoa ni vyura 499 waliokuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama za Marekani, ambao vizazi vyao vilianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Maelfu ya wanyama walimalizika ndani ya miaka michache kwa sababu walikuwa mahali pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo habari nyingi hulikosea: alama ya dunia na alama ya mahali si kitu kimoja. Nguva, kwa dunia nzima, yuko hatarini. Lakini mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki walitathminiwa peke yao, wakaonekana wakomavu hawafiki 250, na wakawekwa mahututi. Wengi wa nguva wa dunia wako Australia, na wingi wao ndio unaoifanya alama ya jumla iwe nafuu. Mvuvi wa Kilwa au Lamu anayeambiwa nguva yuko "hatarini" tu, anapewa picha nafuu kuliko hali ya bahari yake, ambako nguva mmoja kunaswa kwenye jarife ni msiba mkubwa kwa kundi zima. Simba wa Afrika Magharibi nao ni mahututi, ingawa simba kwa jumla yuko hatarini. Rwanda ilibaki bila simba hata mmoja baada ya 1994, hadi saba walipoletwa Akagera kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, na miaka yote hiyo alama ya simba duniani haikusogea kwa ajili ya Rwanda.

Twiga anaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Mwaka 2016 alipandishwa moja kwa moja kutoka asiye na tatizo hadi hatarini, akaruka ngazi ya katikati, baada ya kupungua kwa kati ya asilimia 36 na 40 tangu 1985. Twiga wa Kimasai, yaani yule tunayemwona kusini mwa Kenya na Tanzania, alipotathminiwa peke yake mwaka 2019 alionekana amepungua kwa karibu nusu, akawekwa hatarini sana. Na mwaka 2025 IUCN ilikubali kwamba twiga si spishi moja bali nne. Kwa hiyo makala inayosema "twiga yuko hatarini" bila kusema twiga yupi na kwa tathmini ya mwaka gani, imeacha nusu ya habari.

Alama ikibadilika, usikimbilie kusherehekea wala kulia. Zipo sababu tatu tofauti. Ya kwanza ni hali kubadilika kweli, kama panda wa China aliyeshushwa kutoka hatarini sana hadi hatarini mwaka 2016 baada ya ukataji wa misitu yake kuzuiwa na idadi kupanda. Ya pili ni taarifa bora. Chui wa theluji wa milima ya Asia alishushwa hivyohivyo mwaka 2017, hasa kwa sababu hesabu mpya ilionyesha wakomavu wako juu kidogo ya ule mstari wa 2,500. Hawakuongezeka, walihesabiwa vizuri zaidi. Ya tatu ni uainishaji: tembo wa Afrika alikuwa spishi moja iliyo hatarini hadi 2021, alipogawanywa kuwa wawili na wote wawili wakaangukia pabaya zaidi.

Kushuka kuna kanuni ya subira ambayo naiona ya busara sana. Spishi haishushwi ngazi mpaka ipitishe angalau miaka mitano bila kutimiza kigezo chochote cha ngazi ile mbaya. Kupanda hakungoji. Na aliyeshushwa hadi hatarini hajatoka hatarini, maana ngazi hiyo bado ni moja ya zile tatu. Kichwa cha habari kilichosema mwaka ule kwamba panda ameokoka kilikosea.

Kosa lililo zito zaidi kwa wananchi ni kudhani Orodha Nyekundu ni sheria. Haimkamati mtu, haifungi pori, haitoi wala kunyima kibali cha uwindaji. Biashara ya kimataifa inasimamiwa na mkataba mwingine, CITES, wa mwaka 1973, wenye viambatisho vyake. Simba, chui na duma wote wako hatarini kwenye Orodha Nyekundu, lakini chui na duma wako Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, chenye masharti makali zaidi, na simba wa Afrika yuko cha Pili. Ndani ya nchi, sheria ya nchi ndiyo inayotawala. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tanzania inaruhusu uwindaji wa kitalii wa simba kwa vibali, na imeweka kwamba simba anayewindwa awe na umri wa miaka sita au zaidi. Mnyama ni yuleyule, alama ni ileile, sheria ni mbili. Na mnyama asiye na tatizo lolote kwenye Orodha, kama swala, bado anaweza kukupeleka jela ukimwinda bila kibali.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, tovuti ya Orodha Nyekundu iko wazi na haina malipo. Tafuta kwa jina la kisayansi, kwa sababu majina ya kawaida huchanganya. Simba ni Panthera leo. Kwanza tazama kama tathmini ni ya dunia nzima au ya eneo. Kisha tazama mwelekeo wa idadi: inapanda, inashuka, imetulia au haijulikani, maana alama peke yake haikuambii hilo, kama tulivyoona kwa faru. Halafu soma msimbo ulio pembeni ya alama. Simba katika tathmini ya 2016 aliandikwa VU A2abcd. VU ni hatarini. A ni mstari wa kupungua. 2 inamaanisha kupungua huko kumeshatokea na chanzo chake hakijakoma, au hakieleweki vya kutosha, au hakirekebishiki. Herufi ndogo zinataja ushahidi: a ni kuonwa na kuhesabiwa moja kwa moja, b ni kipimo kinachoashiria wingi, c ni kupungua kwa eneo au ubora wa makazi, d ni kuuawa na kuvunwa. Herufi e, ambayo simba hana, huashiria magonjwa, viumbe wageni waharibifu au uchafuzi.

Mwisho tazama mwaka. Tathmini iliyopita miaka 10 huhesabiwa kuwa imechakaa, na ukurasa wenyewe huonyesha kwamba inahitaji kufanywa upya. Ukikuta maneno kwamba taarifa hazitoshi, usiyasome kama ruhusa. Maana yake ni kwamba aliyetathmini hakuwa na takwimu za kutosha kuchagua ngazi yoyote, iwe ya chini kabisa au ya mahututi.